Kina Bell watatu, adimini mmoja

Mtu akitaka kuandika kwa majina mawili matatu utamsikia anahangaika na jina lipi tamu, litakaaje kwenye kava, liwe la kike au la kiume. Hayo madogo. Makubwa ni hela inaingia kwa jina gani, meseji anajibu nani, na siku majina yakichanganywa nani mwenye mamlaka ya kusema hapana, huyo sio mimi. Leo nachambua kisa kimoja cha Uingereza, kati ya 1846 na 1850, cha waandishi watatu waliojilipia uchapaji wenyewe wakajificha nyuma ya majina ya kalamu, na nimekichagua kwa sababu karibu kila kinachoweza kwenda kombo kwenye hii kazi kiliwakuta, na barua zao nyingi zimebaki kwahiyo unaweza kufuatilia ufa mmoja mmoja.

Ni kina Brontë. Charlotte, Emily na Anne, mabinti wa mchungaji wa Haworth, kijiji cha Yorkshire huko kaskazini. Mwaka 1845, majira ya kuelekea baridi, dada mtu Charlotte akakuta mashairi ya Emily kwenye daftari, akayasoma bila ruhusa, Emily akachukia kweli kweli, ikachukua muda kumtuliza na muda mwingine kumshawishi kwamba haya mambo yatoke. Anne naye kimya kimya akaleta ya kwake. Wakakubaliana kitabu kimoja cha watu watatu, ila majina halisi yasionekane, na kwenye hilo Emily alikuwa mkali kuliko wote.

Wakajiita Currer Bell, Ellis Bell na Acton Bell. Kila mtu amebaki na herufi zake za mwanzo, C, E, A, na B ya ukoo. Charlotte alieleza baadaye kwamba hawakutaka kujitangaza wanawake kwa sababu waliona waandishi wa kike wanapimwa kwa mizani nyingine, lakini pia roho iliwasuta kuchukua majina ya kiume moja kwa moja, ndo wakatafuta majina ambayo huwezi kujua. Kwenye hilo nawapa maksi zote, jina lisilosema jinsia linakulinda bila kukufanya muongo.

Ila jina moja la ukoo kwa wote watatu, hapo mimi nasimama. Kwenye kitabu kimoja cha pamoja ilikuwa sawa kabisa, msomaji anaona ni ndugu. Tatizo lilikuwa linasubiri siku watakapoachana njia, kila mmoja na kitabu chake na mchapishaji wake, halafu kimoja kiuze kuliko vingine.

Tuje kwenye hela. Walimpata mchapaji London, Aylott & Jones wa Paternoster Row, akakubali kuchapa kwa gharama ya waandishi. Machi 1846 wakatuma pauni 31 na shilingi 10, na baadaye wakaongeza tena. Ujue Charlotte kazi yake ya mwisho ya ualimu wa majumbani ilikuwa inamlipa pauni 20 kwa mwaka, na wakishakata za kufuliwa nguo anabaki na 16. Kwahiyo hapo ni kama mishahara ya miaka miwili imeenda kwenye kitabu cha mashairi, na hela yenyewe ilitoka kwenye urithi wa shangazi yao aliyefariki 1842. Kitabu kikatoka Mei 1846. Mwaka mmoja baadaye Charlotte mwenyewe aliandika kwamba zimeuzwa kopi mbili. Mbili! Halafu akazichukua kopi kadhaa akazigawa bure kwa washairi wakubwa wa wakati ule, Wordsworth na Tennyson wakiwemo, na barua ya utani kidogo juu yake, kabla hazijaishia kufungia mizigo.

Kilichonivutia zaidi kwenye hiyo hatua ya kwanza ni anwani. Mawasiliano yote na mchapaji alifanya Charlotte, na hakujifanya Currer Bell, alisaini C. Brontë kama mtu anayewawakilisha kina Bell. Akili sana hiyo, ana wakala ambaye ni yeye mwenyewe. Mchapaji akawa anamwandikia kwa heshima ya kiume, C. Brontë Esquire, yaani bwana fulani. Karatasi za kusahihisha zikawa zinafika salama, mpaka siku moja kukatokea anachokiita kosa dogo, na katika barua iliyofuata akaomba kuanzia sasa zitumwe kwa Miss Brontë. Kosa lenyewe hakulieleza, ila nyumba ile ilikuwa na baba mchungaji na kaka mtu, Branwell, na kifurushi kilichoandikwa Bwana Brontë kikifika kwenye nyumba ya namna hiyo anaweza kukifungua yeyote. Yaani bado hata kopi moja haijauzwa, mchapaji keshajua kwamba wakala ni binti.

Hiyo ndo njia majina yanavyovuja mpaka leo. Chukua dada anayeandika hadithi za watoto kwa jina moja na chombezo kwa jina lingine, sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure kwenye grupu, zilizobaki tuma elfu mbili kwenye namba hii. Kava zuri, picha ya profaili ya ua, jina la kalamu limekaa vizuri. Msomaji anaingiza namba, kabla hata hajaweka namba ya siri simu inamwambia unatuma kwa nani, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Umejificha kwenye kava umejianika kwenye muamala. Dawa ipo, unafungua lipa namba yenye jina la biashara, kila jina la kalamu na laini yake ya meseji, lakini watu wanafanya hivyo baada ya kujulikana, sio kabla. Na kule Amazon, duka la mtandaoni ambako mtu anajichapishia kitabu mwenyewe, ni hivyo hivyo kwa namna yake, majina ya kalamu weka utakavyo, ila mtu mmoja anatakiwa awe na akaunti moja tu, na fomu za kodi na malipo zinataka jina lako la kisheria. Ukijidanganya ufungue akaunti tatu za majina matatu, siku wakizifunga zinaenda zote kwa mpigo. Kwahiyo siri haiwezi kuwa siri kwa mlipaji, sahau. Siri inakuwa kwa msomaji tu, na hapo ndo upange nguvu zako.

Turudi Haworth. Mashairi yameshindwa, wakahamia riwaya. Charlotte alikuwa na The Professor, Emily na Wuthering Heights, Anne na Agnes Grey. Mwaka 1847 mchapishaji mmoja wa London, Thomas Cautley Newby, akakubali za Emily na Anne ila ya Charlotte akaikataa, na masharti yake yalikuwa waandishi watangulize pauni 50, achape kopi 350, hela irudi mauzo yakifika kiwango fulani. Baadaye akasema amechapa 250 tu, na zile pauni hawakuziona tena. Charlotte kwa upande wake aliendelea kuzungusha mswada wake kwenye karatasi ile ile ya kufungia, amekata tu jina la mchapishaji aliyepita akaandika la anayefuata, yaani kila anayepokea anaona orodha nzima ya waliomkataa. Hapo dada alinichekesha. Ukafika kwa Smith, Elder & Co., nao wakaukataa lakini kwa barua ya kistaarabu, wakasema akiwa na kitu kirefu zaidi alete. Akaleta. Oktoba 1847 Jane Eyre ikatoka, ya Currer Bell, na mji ukawaka.

Kuanzia hapa ndo kisa kinanoga.

Newby alikuwa amekalia miswada ya Emily na Anne miezi kadhaa. Alivyoona jina Bell linauza, ghafla akapata kasi, Desemba 1847 vitabu vikatoka, na makosa ya uchapaji ambayo wenyewe walishayasahihisha yakiwa palepale. Wiki hizo hizo gazeti la Athenaeum likaandika kwamba riwaya zote tatu zingeweza kuwa za mkono mmoja. Wengine wakaenda mbali, wakasema Wuthering Heights ni jaribio la zamani na la kienyeji la huyo huyo aliyeandika Jane Eyre. Hebu fikiria wewe ni Emily, umeandika kitu ambacho hakifanani na cha mtu yeyote, halafu dunia inakiita zoezi la dada yako. Na Newby hakukanusha, kwa nini akanushe, kila mwenye kuchanganya anamwongezea mnunuzi. Matangazo yake akayaacha hivyo hivyo yanayumba.

Charlotte akajaribu kuzima kwa maandishi. Toleo la tatu la Jane Eyre, Aprili 1848, lina kijinoti kifupi kwamba Currer Bell hadai riwaya nyingine yoyote zaidi ya hiyo moja, kama kuna nyingine amepewa basi heshima imeenda kwa asiyestahili na kunyimwa anayestahili. Kijinoti safi, kimenyooka. Lakini hakikufanya kazi, na nadhani sababu iko wazi: aliyeongea ni Currer peke yake. Ellis na Acton walikaa kimya. Kanusho la jina moja kuhusu majina mengine mawili, kwa mtu wa mbali, linasikika kama mwandishi mmoja anajicheka.

Afu likaja la Marekani. Juni 1848 Anne akatoa riwaya ya pili, The Tenant of Wildfell Hall, kwa huyo huyo Newby (mimi mpaka leo sielewi kwa nini walirudi kwake, pengine kukosa hela ya kuhama, pengine Emily hakutaka kusumbuliwa). Newby akaiuza Marekani kwa kampuni ya Harper akiwaambia ni kazi mpya ya Currer Bell, na kwamba kwa anavyoamini yeye vitabu vyote vya kina Bell ni vya mtu mmoja. Sasa Smith, Elder walikuwa wameshawaahidi Harper hao hao kitabu kijacho cha Currer Bell. Unaona mtego? Ghafla anaonekana Currer Bell kauza kitabu kimoja kwa watu wawili. George Smith akaandika barua Haworth, kwa upole lakini anataka maelezo.

Ilifika Ijumaa, tarehe 7 Julai 1848. Charlotte na Anne hawakuandika majibu. Wakafunga sanduku dogo, baada ya chai wakatembea kwa miguu mvua ya radi ikiwanyeshea mpaka stesheni ya Keighley, wakaenda Leeds, wakapanda treni ya usiku kwenda London. Emily akabaki. Jumamosi asubuhi wakanawa na kupata kifungua kinywa pale Chapter Coffee House, Paternoster Row, kisha wakaenda kwa miguu mpaka namba 65 Cornhill, ofisi za Smith, Elder. George Smith, kijana wa miaka 24, ana kazi zake, anaambiwa kuna kina dada wawili wanakutaka na majina hawataji. Anatoka, anawakuta wanawake wawili wadogo wa umbo, nguo za shamba, mmoja amevaa miwani. Charlotte hakusema neno la maana, akamkabidhi tu ile barua ambayo Smith mwenyewe alimwandikia Currer Bell. Smith akaiangalia, akamwangalia, akauliza kwa ukali kidogo hii umeipata wapi. Charlotte alimsimulia rafiki yake baadaye kwamba alishindwa kujizuia akacheka.

Mtu mzima umetoka kaskazini usiku kucha ili kuthibitisha kwamba wewe ni watu wawili! Lakini angalia walichotumia kama ushahidi: barua aliyopokea Currer Bell. Bila hiyo hawana kitu, hawana mkataba uliosainiwa kwa jina halisi, hawana shahidi, mwanamke yeyote London angeweza kuingia akasema mimi ndo Currer. Kwahiyo wewe unayeandika kwa majina mengi, weka miswada yako ya mwanzo, imeili za kwanza, risiti ya msanii aliyekuchorea kava, rekodi zote zenye tarehe. Kuna sheria nayo ukaijua: chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania na Kenya zote zimo, kitabu cha jina la bandia ambalo haliwezi kumtambulisha mtunzi, mchapishaji ambaye jina lake limeandikwa kwenye kitabu ndo anahesabika kumwakilisha mtunzi mpaka mtunzi ajitokeze na kuthibitisha. Maana yake ukimwachia mtu mwingine aandike jina lake kama mchapishaji na wewe umejificha, kwenye karatasi yeye ndo msemaji wako. Newby wa kwako.

Jioni hiyo Smith akawapeleka opera na zile nguo zao, na watu wakatambulishwa kwamba hawa ni kina Miss Brown. Brontë, Bell, Brown, siku moja majina matatu, na Charlotte kichwa kinamgonga kwa uchovu.

Kuna kosa moja alilifanya pale na matokeo yake nayaona mabaya kuliko ya Newby. Kwenye kujieleza alisema sisi ni dada watatu. Watatu, wakati waliokuja ni wawili. Emily hakuwepo, hakuulizwa, na kumbe hakuwa ameruhusu. Baada ya kurudi nyumbani Charlotte ikabidi amwandikie W. S. Williams, mshauri wa fasihi pale kwa Smith, tarehe 31 Julai, kwamba tafadhali ukiniandikia usiseme dada zako, Ellis Bell hataki kuitwa kwa jina lingine lolote zaidi ya hilo la kalamu, nilikosea kumtaja. Lawama zangu kwa Charlotte ni hapa. Newby alikuwa mfanyabiashara wa hovyo, hilo unalitegemea, lakini Charlotte alikuwa adimini wa majina yote matatu: anaandika barua zote, anatuma hela, anajua kila kitu, na polepole akaanza kuona funguo zote ni zake. Waandishi wawili wakifanya kazi pamoja leo, au mtu na mume wake, au mtu na kijana anayempandishia vitabu mtandaoni, ni kisa hicho hicho, anayeshika nywila anajisahau.

Nyumbani kwenyewe walifunga vizuri kuliko London, lazima tuwape sifa. Inasimuliwa kwamba postamani alimuuliza mzee Brontë huyu Currer Bell anaishi wapi, mzee akamjibu hakuna mtu wa jina hilo kwenye parokia hii. Alikuwa hajui, aliambiwa baada ya Jane Eyre kushika soko, Charlotte akamwingilia chumba chake cha kusomea na kitabu mkononi. Branwell, kwa mujibu wa Charlotte, alikufa Septemba 1848 bila kujua kwamba dada zake wamewahi kuchapisha hata mstari mmoja. Hilo sijui nilihesabu kama ushindi.

Mambo mengine ya jina kuvumishwa nayapitia haraka. Charlotte aliandika tabaruku ya toleo la pili la Jane Eyre kwa Thackeray, mwandishi mkubwa wa riwaya wa wakati ule, bila kujua kwamba mke wa Thackeray naye alikuwa na ugonjwa wa akili kama mke wa yule tajiri aliyeajiri mwalimu wa watoto kwenye riwaya, London ikavumisha kwamba Currer Bell alikuwa mwalimu wa watoto nyumbani kwake. Desemba 1848 jarida la Quarterly Review likaandika kwamba kama mwandishi wa Jane Eyre ni mwanamke basi atakuwa amepoteza haki ya kukaa na wanawake wenzake. Jina la kalamu linakuficha sura, lakini linaacha nafasi tupu, na watu wataijaza na wanachotaka.

Emily akafariki tarehe 19 Desemba 1848. Anne akamfuata tarehe 28 Mei 1849, kule Scarborough. Miezi mitano tu. Charlotte kabaki na majina matatu mwenyewe.

Mwaka 1850 Smith, Elder wakatoa upya Wuthering Heights na Agnes Grey, na mbele Charlotte ameandika maelezo ya maisha ya Ellis na Acton Bell, anawataja wazi kwamba walikuwa dada zake, anaeleza majina yalitoka wapi, anamaliza ule ubishi wa mkono mmoja. Wengi tunayajua yote haya kwa sababu ya kurasa hizo na nakubali zinagusa moyo. Ila Emily alisema hapana miaka miwili nyuma, na hakuna popote alipobadilisha. Charlotte pia akachagua mashairi ya Emily kwa toleo hilo, akayagusa, mistari mingine akaiongeza. Kuhusu The Tenant of Wildfell Hall akamwambia mchapishaji haifai kuhifadhiwa, kwamba kuchagua mada ile, ya mume mlevi na mke anayemkimbia, lilikuwa kosa tupu. Kitabu kilichouza haraka mpaka kikapata toleo la pili ndani ya wiki chache, dada mtu akakiweka kando.

Wapo wanaomtetea, wanasema alikuwa anakinga jina la marehemu kwenye midomo ya wahakiki. Inawezekana. Mimi naona palikosekana karatasi moja tu, ya kurasa mbili, walipokuwa wote hai: jina lipi la nani, vitabu vipi viko chini yake, nani anaruhusiwa kulifunua na lini, nikifa maandishi yangu yaguswe au yasiguswe. Watu wanaandika wosia wa kiwanja na hawaandiki wa jina linalowaingizia hela. Na ukiwa na majina ambayo hata ndugu zako hawayajui, kama Branwell asivyojua, ukifa nani atajua kwamba kuna hela zinaingia huko, au kwamba kuna mtu anaendelea kuuza.

Maana nafasi ikiachwa wazi mtu ataingia. Mwaka 1854, Charlotte bado yu hai, mchapishaji mwingine wa London, Thomas Hodgson, akatoa The Tenant of Wildfell Hall kwa bei chee, katoleo ka juzuu moja, ameikata barua ya ufunguzi inayoeleza nani anamsimulia nani na vipande vingine humo ndani ili itoshe. Anne hayupo wa kulalamika. Acton Bell hakuachiwa mtu wa kumsemea. Matoleo mengi ya Uingereza yaliyofuata yakanakiliwa kutoka kwenye hilo lililokatwa, na hali ikaendelea hivyo mpaka karne iliyofuata.